Meseji za Hewa Safi

Utemini, Jumanne

Eti hewa safi! Ndivyo programu yangu ilivyowatangazia majirani leo jioni. Mama akafungua madirisha, moshi wa maganda ya alizeti ukajaa ndani, mdogo wangu Neema akabanwa na pumu.

"Huyo mtabiri wako amelewa?" Mama aliniuliza huku akihangaika kutafuta dawa.

Programu inachukua vipimo vya upepo na vumbi kwenye huduma ya hali ya hewa ya intaneti, kisha inatuma meseji yenyewe. Niliitengeneza hivyo ili nisiongee na mtu.

Ikabidi niende kwa Baba Eliya, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Shikamoo yangu hata mimi sikuisikia, nikamwonyesha tu programu kwenye simu.

"Marahaba! Kumbe meseji ni zako? Zinanisaidia sana, mwanangu. Nikiona hewa safi, ndipo nachoma maganda."

Nilikuwa nimekwenda kumwambia aache. Nikasema asante, nikarudi nyumbani.

Neema amelala, kifua kimetulia. Nami nimeshaipangia namba ya Baba Eliya meseji ya peke yake: hewa mbaya, kila siku. Mungu anisamehe. Maganda yakijaa uani kwake atakuja kuuliza hewa itatulia lini, na itabidi niongee tena.