Samaki Wakubwa wa Daktari wa Meno

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono imepauka kwa maji ya chumvi.

Najua umenuna tangu niache ualimu nikajenga matangi ya samaki. Ahadi yangu iko palepale: kazi hii ya kwanza ikinishinda, Julai narudi darasani. Mteja ni daktari wa meno. Sebuleni kwake nimejenga tangi refu kama kitanda, lenye matumbawe hai, na sasa anataka samaki wakubwa. Alimpenda mmoja mwenye mistari ya bluu, nikamkatalia. Yule hudonoa matumbawe kama mbuzi aliyeingia bustanini. Tukachagua wawili wanaokula mwani: tafi wa manjano mwenye uso mweusi, na kangaja, yule mwenye wembe mkiani. Kangaja yumo tangu Jumatatu. Tafi anaingia kesho.

Niombee.

Bintiyo

9 Machi

Mwanangu kifungua mimba,

Marahaba. Goti linalalamika, mwenyewe nimeacha.

Sijanuna. Nimenyamaza tu. Miaka thelathini na minane nimeshika chaki. Ulipoitupa yako niliumia, sikufichi. Samaki mimi namjua akiwa sahanini. Lakini hebu nijibu: mwenye wembe ndiye uliyemtanguliza? Mkorofi akitangulia darasani, wenzake watakuta madawati yote ni yake.

Babako

13 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo, lakini moyo hautulii.

Umepiga penyewe. Kangaja amelifanya tangi zima mali yake. Tafi amejibana nyuma ya pampu, mapezi yamechanika, hajala kitu. Kanuni naijua: mpole kwanza, mkali mwisho. Ila dukani siku ile alikuwepo kangaja peke yake, nami nikaona haya kumwambia daktari asubiri. Kosa ni langu. Daktari amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Wasipopatana, tangi linatoka sebuleni.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Bintiyo

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Futa machozi, najua umelia.

Darasa la tano niliwahi kuwa na mbabe aliyemiliki safu yote ya dirishani. Kumkaripia hakukusaidia. Siku moja nikamtuma ofisini kupanga vitabu, huku nyuma tukahamisha madawati yote, wenzake wakakaa kwanza. Aliporudi hapakuwa na pa kwake. Akaomba nafasi kwa adabu, akapewa.

Samaki siwajui. Wababe nawajua.

Babako

4 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mwisho wa mwezi umepita na barua hakuna. Mama yako ana wasiwasi. Haya, ni mimi mwenye wasiwasi. Andika hata mstari mmoja.

Babako

7 Aprili

Baba wee!

Shikamoo, tena shikamoo ya pili! Nisamehe kimya changu. Nilitaka kuwaangalia wiki nzima kabla sijajisifu.

Nilimfungia kangaja kwenye boksi la plastiki lenye matundu, humohumo majini, amwone mwenzake bila kumfikia. Kisha nikahamisha mawe yote, moja baada ya jingine. Matumbawe mawili yalivunjika, nikayabandika upya. Siku ya pili tafi akatoka, akala, akajichagulia pango. Siku ya mwisho ya mwezi nikafungua boksi. Daktari alisimama nyuma yangu. Kangaja akazunguka kote, akamwendea tafi. Tafi akasimamisha miiba ya mgongoni, hakuhama hata kidogo. Kangaja akageuka, akaenda kula mwani! Baba, nilipiga vigelegele sebuleni kwa watu. Sasa wanakula bega kwa bega, na daktari ameagiza tangi la pili, la kliniki.

Tumeshinda, baba.

Bintiyo

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Barua yako nimemsomea mama yako, nikamsomea jirani, nikamsomea na fundi bomba aliyekuja kwa shughuli zake.

Sasa nami niungame. Nilikuwa nimekuombea nafasi shuleni, uanze Julai. Jana nilikwenda kumwambia mwalimu mkuu ampe mtu mwingine. Akauliza, "Kwani binti anafanya kazi gani?" Mwaka mzima swali hilo nimelikwepa. Jana nilijibu kwa sauti, ofisi nzima ikageuka: "Anajenga matangi ya samaki. Na anaijua kazi yake."

Babako