Kwa Nini Natembea Mbele ya Gari la Maman Béa

Lubumbashi, komini ya Kenya

Papa yangu mpendwa,

Amani ya Bwana ikukute umekaa kwenye kiti chako cha kamba, goti likiwa limepoa. Mama anaendeleaje na kifua? Mimi ni mzima, nakula, na misa ya Jumapili siikosi.

Nimesikia maneno yaliyofika huko Kongolo. Yaya Faustin, kaka yangu mkubwa, alipopitia hapa kwenda Mokambo mpakani kununua bidhaa, aliniona nimelala kifudifudi barabarani mbele ya gari jekundu, watu wakicheka. Akakuambia kwamba mwanao, fundi wa gereji, sasa anatambaa chini kama aliyerukwa na akili. Mama amenieleza kwa simu kuwa tangu siku hiyo hutaki jina langu litajwe mezani. Papa, Faustin hakusema uongo. Ila hakungoja mwisho.

Gari ni la Maman Béa, mjane anayeuza vitenge sokoni, jirani ya gereji yetu. Ni gari la mbio, na marehemu mumewe ndiye aliyelishusha: alikata springi zake hadi tumbo likabaki juu ya ardhi kwa upana wa kiganja. Kwa barabara zetu, kila tuta na kila mtaro ni vita. Mimi mwenyewe nilimshauri tufunge springi ndefu. Akanitazama kama niliyemtukana.

“Bwana yangu alishushaka hii motokari na mikono yake,” akasema. “Kama naipandisha, nitabakia na nini ya yeye?”

Tangu hapo nikaanza kumtazama akiendesha, na nakiri sijaona dereva kama yeye. Tuta analipanda kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku mabasi madogo yakimpigia honi nyuma na makondakta wakimtania. Kwenye buti ana mbao mbili za kutandika chini ya magurudumu penye mtaro. Mvua ikinyesha, gari linabaki kwa jirani, naye anakwenda sokoni kwa miguu, viatu mkononi. Mwenda pole hajikwai, na mama huyu sijamwona akijikwaa.

Sasa sikia. Marehemu alimwahidi binti yao wa pekee kwamba siku ya ndoa atakwenda kanisani ndani ya gari hilo. Kanisa liko ng'ambo ya reli, na pale barabara inapokatiza, vyuma vimeinuka juu ya udongo. Gari likikalia chuma, bakuli la mafuta chini ya injini linapasuka, na ahadi ya marehemu inakwisha hapo hapo, mbele ya wakwe. Maman Béa akaniomba nimpitishe.

Ndipo nikakukumbuka wewe, ulivyokuwa ukitembea njia ya reli na nyundo begani kabla treni haijapita. Ulikuwa unapiga magoti, unalaza shavu karibu na chuma, unafumba jicho moja, unaona palipoinuka. Nikafanya vivyo hivyo. Tulijaribu siku tatu kabla ya harusi, gari likiwa tupu, na ndiyo siku aliyonikuta Faustin. Lilipita bila kugusa.

Kosa letu ni hilo, Papa: tulipima gari tupu, wakati kwetu bibi arusi haendi peke yake. Jumamosi gari likaja, Maman Béa kwenye usukani, limebeba bibi arusi, msimamizi wake, na shangazi yake, mwanamke aliyejaliwa mwili, amepakata sufuria ya zawadi. Tumbo la gari lilikuwa limeshuka vidole viwili. Nikaomba hao wawili washuke. Msimamizi akashuka. Shangazi akagoma.

“Mi njo tantine yake,” akasema. “Akuna muntu anaachaka bibi-arusi mbele ya kufika ku kanisa.”

Na kweli ndiyo desturi yetu: shangazi hamwachi bibi arusi kabla ya kufika kanisani. Msafara mzima ulikuwa unapiga honi. Maman Béa hakufoka. Alizima injini, akashusha kioo cha nyuma.

“Tantine, shuka,” akasema. “Lakini umushike mukono.”

Basi tukavuka hivyo. Shangazi alitembea kando ya gari, mkono umeingia dirishani umeshika wa bibi arusi. Mimi nilikwenda kinyumenyume mbele yao, nikilala chini kila hatua, nikisogeza mbao, na Maman Béa hakuangalia kitu kingine ila mkono wangu. Gurudumu la kwanza, la pili. Nikasikia chuma kikikwaruza kidogo. La tatu, la nne. Nikapitisha kidole chini ya bakuli, kikatoka kikavu. Nililia, sitakuficha, na shati la harusi lilikuwa limejaa vumbi.

Mlangoni pa kanisa Maman Béa aliniita mbele ya wakwe.

“Nani alikufundisha ile kazi?”

“Papa yangu,” nikajibu. “Alikuwa anatembeaka ku reli, kule Kongolo.”

“Umusalimie. Umuambie mutoto ya bwana yangu alifika ku kanisa na motokari ya papa yake.”

Salamu hiyo ni yako, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nisalimie Mama na kifua chake, mdogo wangu mwalimu na wanafunzi wake, na mjomba fundi baiskeli. Yaya Faustin naye mwambie aliona vizuri: mwanao anatembea kwa miguu mbele ya gari, na analaza shavu chini. Wewe unajua mwanao alimwona nani akifanya hivyo kwanza.

Wako,
Anselme