Kisu nyeupe ya Mama Ngoie

Lubumbashi, siku ya mardi. Jua kali toka asubui, na mi sina roho ya kusema na muntu.

Nilivunja kisu ya Mama Ngoie. Naandika paka vile tu, juu nikianza kuzunguka sitafika.

Mama Ngoie anauzishaka chou, kabichi ya kukata-kata, hapa Katuba. Vidole vyake vinagonjwa, kisu ya chuma inamushinda kwa uzito. Binti yake alimuletea moja nyeupe ya céramique, udongo ya kuchoma sawa sahani, nyepesi sana, na mama akarudilia kazi. Jana akaniletea: inoe kidogo.

Mi niko munoaji wa bisu, kazi ya baba. Nikaona furaha ya kujaribu. Niko na kipande ya carbure, kitu ngumu sana, niliitoa ku ncha ya mèche ya zamani, ile ya kutobolea majiwe ya mine. Nikakwarua chuma na kisu nyeupe: chuma ikapata mustari. Nikakwarua kisu na carbure: mustari kadogo, wa kuona paka pa jua tu. Basi carbure iko ngumu kupita céramique, na céramique iko ngumu kupita chuma. Nilicheka peke yangu, sawa mwanafunzi.

Kisha mukono ikafanya yenye ilizoea. Mbele ya kunoa, baba alinifundishaka kukunja lame, bapa ya kisu, kidogo na kidole gumba, kuona kama iko muzima. Chuma inakunjama, inarudia.

Ile nyeupe haikukunjama. Ilikatika mbili.

Ugumu yote ile, na haiwezi kukunjama hata kidogo. Carbure pia njo vile, ukiiangusha pa ciment inapasuka. Nilijua, na nikafanya.

Nilitia colle ya kubandika, haikushika. Kumutengenezea ingine ya carbure? Iko nzito kupita hata chuma. Nikazunguka maduka ya ville, katikati ya muji: hakuna. Banasema labda Kasumbalesa, kule ku mupaka. Labda.

Leo asubui alikuya. Niliweka bipande pa meza, sikuweza kumuangalia. Hakukasirika. Heri angenitukana. Alikaa, akanisukumia kitunga ya chou.

«Kata basi, mwana yangu. Nyembamba.»

Nilikata na kisu yangu ya chuma mpaka midi, jua pa kichwa, batu benye kuleta bisu ya kunoa banangojea pa mulango. Yeye ananiongoza: nyembamba zaidi, hapana vile, zaidi. Haya ilinikamata mbele ya bote.

Pa kuondoka akauliza: «Na kesho, nani atakata?»

Nikamujibu: mi.

Akaitika na kichwa, akabeba kitunga yake. Ya kesho kutwa hakuna mwenye aliuliza, hata mi.