Bampa ya Deo

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, milima imejifunika mpaka chini, na nguo nilizoanika jana bado mbichi. Nimeamka na hasira na sijui ni ya nani.

Nilikuwa nimeapa kwamba leo sirudi nyumbani mpaka bampa ikae. Wiki ya tatu hii gari la marehemu Baba liko kwa Fundi Shabani, Kihonda. Rangi imekubali, milango inafunga bila kubamizwa, taa zote zinawaka. Bampa ya mbele tu ndiyo imetushinda. Ukiiweka sawa kulia, kushoto inaingia ndani; ukiivuta kushoto, kulia inakwaruza rangi mpya.

Ni gari dogo la michezo, la Kijapani, milango miwili, pua ndefu, na kwa umri linanizidi. Baba alikuwa fundi mitambo kiwandani. Alilinunua bovu kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akalifufua kwa mikono yake. Kuna watu mjini hapa walimjua kwa gari hilo kabla ya kumjua kwa jina.

Fundi Shabani anapima kwa vidole. "Kulia vidole viwili, kushoto kimoja na nusu. Hiyo imekaa, Mwalimu!" Nikaingiza vyangu kulia, vikaenea vitatu na nafasi ikabaki. Vidole vyake ni ndizi mzuzu. Mimi nafundisha hisabati, sikubali kipimo kinachotegemea mwenye mkono, nikatoa rula kwenye mkoba. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi, ila alipima kwa rula.

Tofauti ilikuwa sentimita mbili kasoro. Dawa yake: aipashe bampa moto, aikunje ifuate gari. Nikamwambia thubutu. Tulikuwa tumeilaza sakafuni, imelala sawa wala haichezi. Bampa haina kosa, gari ndilo limepinda. Nikamwambia afungue tuone breketi ya kushoto, kile chuma kinachoibeba bampa, ina nini.

Nilikuwa najua ina nini.

Zikatoka washa nne, vile vipete vya chuma vya kuwekea chini ya boliti, zimeshikana kwa kutu. Fundi akazitazama kiganjani, akasonya. "Nani kafanya uhuni huu?"

Nikajibu, "Kaka yangu."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi kabisa, kana kwamba nimeulizwa saa ngapi.

Acha niliandike hapa, maana nikilibeba mpaka kesho litanishinda. Nilikuwa kidato cha tatu. Baba alikwenda Kinole kwenye msiba, nami nikachukua ufunguo nikaliendesha gari hadi kona ya kwetu, nikagonga nguzo ya geti la jirani. Breketi ya kushoto ikarudi ndani. Nikachukua washa nne kwenye sanduku la Baba, nikazichomeka ili bampa isogee mbele, nikafuta vumbi, nikaingia ndani kujisomea. Baba aliporudi aliona kabla hajavua viatu. Mwenye ruhusa ya kuliendesha alikuwa kaka yangu Deo, na Deo alikuwa ameliendesha wiki ileile. Baba akafungua, akazikuta washa. Kugonga angesamehe. Kilichomuuma ni kufichwa.

Deo aliapa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari mkononi.

Baba alikataa kuinyoosha. Alisema ikae vivyo hivyo, Deo awe anaiona kila akipita. Nyumbani ikapata jina: bampa ya Deo. Mama anaiita hivyo mpaka leo, kwa utani, na Deo hucheka na wengine. Ufunguo hakupewa tena. Baba alipofariki, baba mdogo alitusomea wosia aliouacha: gari apewe Restituta, ndiye mimi, kwa kuwa Deo hana mkono wa gari. Deo huyuhuyu mwenye karakana ya pikipiki Ngerengere, anayeletewa injini ambazo mafundi wengine wamezinyooshea mikono.

Miaka ishirini na mbili nimejitetea kwa kitu kimoja tu: sikusema uongo, nilinyamaza.

Leo nimeusema. Na hakuna aliyenilazimisha.

Fundi Shabani akaendelea kunichekesha, eti nimpigie huyo kaka aje aone kazi yake nzuri. Nilimwambia tufanye kazi. Tulifunga mnyororo kwenye breketi na kwenye nguzo ya chuma, akaubana kwa jeki, tukawa tunavuta kidogo kidogo na kupima kwa uzi kona kwa kona. Mara tatu alisema inatosha, mara tatu nikasema bado. Nadhani alitamani kunifungia nje. Saa nane na nusu uzi ulilingana, tukaipandisha bampa bila washa hata moja, na rula ikasoma namba ileile pande zote mbili. Fundi alipiga makofi. Mimi nikairudisha rula mkobani.

Nikamwambia, "Fundi, siyo kaka yangu. Ni mimi."

Alifuta mikono taratibu. "Mimi siye wa kuambiwa, Mwalimu."

Nikampigia Deo palepale, nimesimama nje kwenye manyunyu. Nikamwamkia, akaanza kuniuliza habari za watoto, nikamkatiza nikasema yote kwa pumzi moja: ufunguo, nguzo, washa.

"Nilimwapia Baba kwa jina la Mungu, Resti," akasema. "Akaniambia nisiongeze dhambi juu ya kosa."

Kisha akauliza kama Baba alikuja kujua. Nikasema hapana, alikufa akiamini ni wewe. Akakata simu.

Sikulia pale. Nimelia nyumbani, bafuni, maji yakiwa wazi ili watoto wasisikie. Najionea aibu kuliko nilivyowahi kujionea. Nilikuwa nikidhani ninachoogopa ni kunyang'anywa gari, kumbe ninaogopa kuonwa nilivyo.

Saa kumi na moja amepiga mwenyewe. Hajasema amenisamehe, wala sikumwomba aseme. Ameuliza breketi tumeivuta au tumeigonga kwa nyundo. Nikasema tumeivuta. "Afadhali." Ameuliza kama boliti tumekaza. Nikasema bado, zimeshikizwa kwa mkono tu.

"Msizikaze. Nakuja Jumatatu."

Kesho baada ya misa napanda Kinole kumwambia Mama, na nikitoka hapo nakwenda kwa baba mdogo. Nitawaambia kwa mdomo, siyo kwa ujumbe wa simu. Kadi ya gari nimeshaitoa kabatini, iko kwenye mkoba pamoja na rula. Naogopa, hasa macho ya Mama. Nakwenda hivyohivyo.

Fundi Shabani amepiga sasa hivi. Anasema kazi imekwisha, boliti mbili tu zimebaki, kwa nini asizikaze nikachukua gari langu? Anamsubiri nani?

Nimemwambia anamsubiri mwenye gari.