Tairi Inakula

Baba watoto,

Usiliguse gari. Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika.

Jana mezani nilikuambia tairi inakula madigadi. Ukanijibu, "Na mimi nakula, niache nimalize." Watoto wakacheka, hata mimi nikacheka. Basi leo asubuhi, nakata kona ya shule na watoto wako nyuma, tairi ya kulia ikasaga madigadi, usukani ukagoma katikati ya barabara. Lori limetukosa chupuchupu. Nimelirudisha gari taratibu, watoto nawapeleka kwa miguu.

Fundi alikuonya kwamba rimu hizo kubwa ulizofunga zimelizidi gari. Ukamwambia gari la kifahari halivai ndala!

~~Ufunguo uko juu ya friji.~~ Ufunguo naondoka nao. Mwite fundi arudishe tairi za zamani, ziko nyuma ya tangi la maji. Leo, tafadhali.

Mdogo wao ameniuliza mbona unamkataza kuvaa viatu vyako. Nikamwambia vimekuzidi, baba anaogopa utaanguka. Akauliza, "Na gari je?"

Mama watoto