Soni ya Shemeji Wafula

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Chwele tuko wazima. Mahindi yanabeba, na mguu wa babako umepona. Umeniuliza kama soni ni sawa tu na aibu.

Nikiwa msichana, asubuhi moja ya ukungu, nilienda sokoni na mama. Mbele akatokea Wafula, mume wa dada yangu, kibarua wa shamba la mzungu kule Kitale. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Mama akajitupa mahindini. Wafula naye akatoka njiani upande wa pili, akatupa mgongo, kofia mkononi.

Nikachungulia. Nyasi alizokanyaga zilikuwa bado na umande wote.

"Mama, ona nyasi..."

"Wacha kumwangalia! Si unaona ana soni?"

Tuliporudi, tulikuta dada analia. Habari ilikuwa imefika: Wafula alikufa Kitale jana yake.

Mama akasema, "Na bado alinipisha njia."

Aibu, Nekesa, ukishazikwa imekwisha. Soni ndiyo ile niliyoiona imesimama nyasini, imetupa mgongo.

Ni mimi nyanya yako, ninayekungoja Krismasi.