Mikono Juu kwa Mwalimu Chausiku

Jumatatu, 14 Aprili 1975
Korogwe. Mhariri anataka nifuatane na Dakta Matayo wa Chuo Kikuu, anayechunguza uongozi wa walimu wakuu vijijini. Landrova imejaa hojaji; nimekalia hojaji. Dakta anasema uongozi una mitindo minne. Nikamuuliza wa kusukuma gari ni wa ngapi. Hakucheka. Tumesukuma mara mbili kabla ya Handeni.

Jumanne, 15 Aprili
Kijiji kipya, huko Mazingara. Mwalimu mkuu ni Chausiku, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti. Wiki iliyopita aliwakataza wanafunzi wasiende kupalilia mahindi ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sadala. Mwenyekiti anaiita kazi hiyo Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu alimwuliza mbele za watu: mbona anayetegemea ni wewe? Sasa mwenyekiti anataka ahamishwe. Amekwisha kwenda wilayani kusema.

Dakta akamhoji mwalimu. Mgeni haachwi peke yake, basi mwenyekiti akaketi katikati yao na kujibu kila swali. Mwalimu mkuu huamua nini? "Tunaamua pamoja," akasema mwenyekiti. Dakta akaandika: ushirikiano mzuri.

Jumatano, 16 Aprili
Mvua. Hakuna utafiti. Mama Mwaija, anayetupikia, ana watoto shuleni; anasema mwalimu akiondoka watarudi kwenye palizi ya Sadala. Mbona hamsemi? Akanicheka. "Mkutanoni sisi tunanyoosha mikono, baba. Kusema wanasema wageni."

Alhamisi, 17 Aprili
Mkutano wa wazazi, uwanja wa shule. Naandikia gotini. Dakta anauliza: wanaotaka mwalimu abaki? Mikono yote juu. Wanaotaka ahamishwe? Mikono yote juu — ile ile! Hamkuelewa? anauliza Dakta. Mzee mmoja anamtuliza: "Tumeelewa, bwana. Tumekubali."

Mwalimu Chausiku anasimama. "Shikamooni wazee. Mzazi anayetaka mwanawe akapalilie kwa Mzee Sadala kesho, anyooshe mkono."

Mwenyekiti ananyoosha wa kwanza, kama kawaida yake, kuwaonyesha wengine. Wanawe wanasoma Korogwe.

Hakuna wa pili. Mama Mwaija amekalia mikono yake, yote miwili. Dakta anahesabu, anahesabu tena. Mwenyekiti hashushi. Anageuka kutazama nyuma, mkono bado juu, kwapa limelowa. Mwalimu naye haketi. Anasema hana haraka, wazazi wafikiri, atangoja mpaka mkono wa pili uonekane.